Hujatoka Nje ya Mada

Jumamosi iliyopita nimeulizwa tena. "Mwalimu, naona nimetoka nje ya mada." Aliyeuliza ni nesi, ametoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja kwenye darasa langu la uandishi, na karatasi aliyoishika ilikuwa na ukurasa bora kuliko zote zilizoandikwa chumbani asubuhi hiyo. Swali hili nimelisikia mpaka limeanza kuniuma, kwa hiyo leo nalijibu.

Kidokezo, yaani kile kitu kidogo ninachowapa waanzie kuandika, hakijibiwi. Si swali.

Najua hofu hii inatoka wapi. Tumelelewa na insha ya mdokezo. Kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, kabla haujafika kikomo mwaka wa 2023, ulipewa dakika 40 na maneno ya kuanzia au kumalizia, na ole wako uyasahau. Karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa sekondari, nayo inakupa methali, utunge kisa kinachoafikiana nayo, kisipooana, umepotoka. Siwalaumu watahini, maana wanahitaji kipimo, na mdokezo huwasaidia kuinasa insha iliyokaririwa. Ila huo ni ua wa kukuzuia usizurure. Kidokezo cha darasa langu kinakutoa ulipokwama, basi. Ukishatoka hakikudai kitu.

Cha siku hiyo kilikuwa: kifuniko kisicho cha sufuria yake. Dakika 12, kalamu isisimame.

Nesi alianza na aya mbili za kifuniko. Kilivyobonyea, kishikio kilivyong'oka kikafungwa waya, mvuke unavyotokea upande mmoja. Karibu kila sentensi ina neno "kifuniko", kama mtu anayemwonyesha askari kitambulisho kila hatua. Halafu, nadhani mkono ulipochoka kutii, akaandika: "Kilikuwa cha mke wa kwanza." Kuanzia hapo kifuniko hakionekani tena. Yupo mama anayesonga ugali katika jiko lililopangwa na mwanamke mwingine, na yupo mtoto anayekanywa asiulize.

Nikamwambia afute zile aya mbili, aanzie hapo: "Kifuniko cha sufuria yetu kilikuwa cha mke wa kwanza." Waya ubaki, kwa sababu mama ndiye aliyeufunga. Mvuke uende.

"Sasa msomaji atajuaje swali lilikuwa nini?"

Hatajua! Na ajue ili iweje? Hakuwepo Jumamosi. Hapa ndipo ninapopoteza watu wengi wenye kipaji: wanaandika kitu hai, kisha wanarudi nyuma kukifunga kamba kwenye kidokezo ili nisiwakate alama ambazo sina. Mwaka 1816, kando ya Ziwa Geneva, mshairi Mwingereza Byron alipendekeza kila mmoja wa marafiki waliokuwa naye aandike hadithi ya mizimu. Mary Shelley alikaa siku kadhaa bila kupata kitu. Alichokuja kuandika, Frankenstein, kilichapishwa 1818, na hakina mzimu hata mmoja. Tungekuwa na kitabu hicho kama angerudi kuuchomeka?

Wengine wakinisikia hivi huruka upande wa pili: basi tupe mada huru, "upendo", "maisha". Hapana, hapana. Mada pana haimsukumi mtu, anaishia kuandika yale yanayoandikwa kwenye kanga. Kidokezo kiwe chembamba, kitu cha kushikika. Sharti lenyewe halijawahi kuwa adui wa mtunzi wa Kiswahili. Mshairi wa zamani Sayyid Abdallah bin Nasir alipotunga takhmisa ya Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, alichukua mishororo miwili miwili ya shairi la kale, akaongeza mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Miwili ile haiguswi, ndiyo kanuni ya takhmisa. Yake aliyasema katika ile mitatu. Hiyo ni heshima kwa mtunzi aliyetangulia. Mimi na kifuniko changu hatudai heshima hiyo.

Lipo jambo linalonikosesha usingizi. Ninao watu wanaong'ara darasani na nyumbani hawaandiki mstari. Wakikaa bila sauti yangu ya "haya, anzeni", kurasa zinabaki nyeupe. Huenda nimewazoesha kusukumwa. Nilijaribu miezi kadhaa kuacha vidokezo kabisa, nusu ya darasa ikanyamaza, nikavirudisha bila kuwa na hakika kama nilifanya vyema. Sasa nafanya hivi: kabla ya kutoka, kila mtu anasoma alichoandika na kujitungia kidokezo kimoja kutoka humo humo, cha kwenda nacho. Kwa baadhi yao kinafanya kazi. Si kwa wote.

Nesi aliandika chake nyuma ya risiti ya duka la dawa, akanionyesha akiwa mlangoni: "Sufuria yenyewe aliondoka nayo nani?"