Barua ya Social Security inayodai urudishe pesa: ijibu kabla ya siku 30 kwisha

Anayeipata barua hii mara nyingi ni mtu aliyeugua hadi akashindwa kufanya kazi, akahangaika muda mrefu mpaka malipo ya ulemavu yakakubaliwa, kisha akapata nafuu kidogo na kujaribu kurudi kazini. Barua ni ya Kiingereza, ina kurasa kadhaa, na inasema Social Security, yaani idara ya serikali ya Marekani inayotoa malipo hayo, ilikulipa zaidi ya ulichostahili, hivyo irudishiwe pesa ndani ya siku 30. Deni laweza kuwa dola 800. Laweza pia kupita dola 10,000.

Sisi tunaotoa msaada wa kisheria kwa jamii za Waswahili hapa Marekani, wengi wao ndugu zetu waliotoka Kongo, huletewa barua hiyo ikiwa tayari imekaa miezi droo­ni. Wengine huja wakiwa wameshakubaliana na karani kulipa dola 50 kila mwezi, kwa sababu kwao deni la serikali halina mjadala. Hilo la pili linaonekana la kiungwana, lakini mimi hulihofia zaidi. Ukianza kulipa kabla ya kuuliza hesabu ilipatikanaje, huenda unalipa deni lisilo lako.

Barua ile inakuruhusu kuuliza maswali mawili tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza: je, deni lenyewe ni sahihi? Hiyo ni rufaa, na fomu yake ni SSA-561. La pili: hata kama hesabu ni sahihi, je, ni haki mimi nidaiwe? Hayo ni maombi ya msamaha wa deni, na fomu yake ni SSA-632. Unaweza kupeleka zote mbili kwa pamoja.

Rufaa ina siku 60 tangu ulipopokea barua, na wao wenyewe huhesabu kwamba barua ilikufikia siku ya tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Msamaha hauna mwisho. Unaweza kuuomba hata baada ya mwaka. Lakini tarehe ya kuizungushia duara kwenye kalenda ni ile ya siku 30. Ukipeleka mojawapo ya fomu hizo kabla ya siku 30, hawaanzi kukata deni kwenye malipo yako mpaka waamue. Ukichelewa, kukata huanza, nawe unafuatilia pesa ambayo imeshatoka mkononi. Kama siku 60 za rufaa zimepita kwa sababu ulikuwa umelazwa hospitali au hukuielewa barua kwa ajili ya lugha, andika sababu hiyo. Kanuni zao zinautaja ugonjwa mkali na kutojua Kiingereza vizuri miongoni mwa sababu za kukubali rufaa iliyochelewa.

Sasa tuone deni linavyozaliwa. Chukua mfano wa baba aliyeumia mgongo kwenye kiwanda cha nyama, anayelipwa SSDI, yaani malipo yanayotokana na kodi aliyokatwa alipokuwa kazini. Januari 2024 anapata kazi nyepesi ya dola 1,900 kwa mwezi. Sheria inampa miezi 9 ya kujaribu kazi bila kupoteza malipo yoyote, hata akilipwa kiasi gani. Mwaka huo, kila mwezi aliopata zaidi ya dola 1,110 ulihesabiwa kuwa mmoja wa miezi hiyo. Miezi yake 9 inaisha Septemba. Kuanzia Oktoba kipimo kinabadilika: akipata zaidi ya dola 1,550 kwa mwezi (mwaka 2025 kilipanda hadi dola 1,620) anahesabiwa kuwa ana uwezo wa kazi. Atalipwa Oktoba na miezi miwili inayofuata, kisha malipo yanapaswa kusimama Januari 2025.

Tatizo ni kwamba hayasimami. Ofisi inachelewa kuangalia mshahara, pesa inaendelea kuingia benki, na baba anaona ni sawa kwa kuwa yeye alishawaambia kwa simu kwamba anafanya kazi. Miezi 10 ya dola 1,300 inapita. Ndipo inakuja barua ya dola 13,000.

Hapo ndipo ninapomwomba mtu aniletee risiti zake zote za dawa. Gharama anazolipa mgonjwa mwenyewe ili aweze kufanya kazi, kwa sababu ya ugonjwa uleule uliompa malipo, hutolewa kwenye mshahara kabla ya kuulinganisha na kipimo. Dawa ambazo bima haikulipa, mkanda wa mgongo, teksi kama daktari amethibitisha hawezi kupanda basi, zote zinaweza kuingia. Tuseme baba wetu anatumia dola 380 kwa mwezi. Dola 1,900 ukitoa 380 ni 1,520. Yuko chini ya kipimo cha 2024, na chini ya kile cha 2025 pia. Deni la dola 13,000 limefutika lote, si kwa huruma ya mtu, ila kwa hesabu. Anayepokea barua hawezi kuona hilo, maana aliyepiga hesabu aliona mshahara tu. Vivyo hivyo pesa ya likizo au ya siku za kuumwa haihesabiwi kuwa kazi uliyofanya, na kazi uliyoiacha ndani ya miezi 6 kwa sababu ugonjwa ulikurudia inaweza kuchukuliwa kuwa jaribio lililoshindikana.

Kwa anayelipwa SSI, yaani msaada wa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, hesabu ni nyingine. Mshahara wake hauna miezi ya majaribio: hutolewa dola 85 za kwanza, kisha kila dola mbili zinazobaki hupunguza SSI kwa dola moja. Akipata dola 885 kwa mwezi, SSI inashuka kwa dola 400. Mabadiliko lazima yaripotiwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Lakini kwa watu wetu, mara nyingi kinachowaponza si mshahara, ni upatu.

Upatu, au mchezo, au chama, au likelemba kama wanavyoita Wakongomani, humwekea mtu mmoja pesa ya wengi. Mtu wa SSI asiye na mwenza haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, kiwango ambacho hakijabadilishwa tangu 1989, na akaunti huangaliwa ilivyokuwa mwanzo wa tarehe 1 ya mwezi. Mama akipokea zamu yake tarehe 29 na pesa ikalala benki hadi tarehe 1, akiwa na dola 2,300, anapoteza SSI ya mwezi mzima, si dola 300 zilizozidi. Mweka hazina wa michango ya msiba naye yuko hatarini hivyohivyo. Pesa ya watu unayowashikia tu si mali yako, na rufaa inaweza kushinda, lakini kwa maandishi: orodha ya waliochanga, tarehe, jumbe za simu, ushahidi kwamba pesa ilifika kwa mfiwa. Ushauri wangu bila kuzunguka: anayelipwa SSI asikubali kuwa mweka hazina. Kukataa si utovu wa adabu.

Tukirudi kwenye msamaha, una masharti mawili. Kwanza, kosa lisiwe lako. Pili, kulipa kuwe kunakunyima mahitaji ya kawaida kama kodi ya nyumba, chakula na dawa, au kuwe si haki kwa sababu nyingine. Watu hukata tamaa kwenye lile la kwanza, wakidhani kutoripoti vizuri kunafunga mlango. Kanuni inasema wakati wa kupima kosa ni lazima waangalie umri wako, ugonjwa, kiwango cha elimu na kutojua Kiingereza vizuri. Basi yaandike hayo kwenye fomu bila haya: kwamba ulisoma hadi darasa gani, kwamba barua zote zilikuja kwa lugha usiyoisoma, kwamba ulikuwa kwenye dawa kali za maumivu. Usiandike tu kwamba huna pesa. Na wasiwe wepesi wa kukunyima: mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba anayeomba msamaha ana haki ya kusikilizwa kwa mdomo kabla ombi lake halijakataliwa na makato kuanza. Wakikuita kwenye mazungumzo hayo, nenda. Karani anayekuona ukishindwa kuinuka kwenye kiti anaelewa mambo ambayo fomu haisemi.

Ukikosa rufaa na msamaha pia, bado kuna kupunguza makato. Hapa sheria imeyumba sana. Machi 2024 Social Security ilishusha makato ya SSDI hadi asilimia 10 ya malipo ya mwezi; Machi 2025 ikatangaza kurudi kwenye asilimia 100; mwezi uliofuata ikasema asilimia 50. Kwa SSI ilibaki asilimia 10. Kupoteza nusu ya kipato ghafla ni kufukuzwa nyumba, kwa hiyo omba kiasi unachokimudu kwa fomu SSA-634, ukiambatanisha bili zako. Aliyekwisha kuacha kupokea malipo asidhani amesahauliwa, kwani deni linaweza kukatwa kwenye pesa anayorudishiwa na ofisi ya kodi, au kwenye mshahara.

Kuhusu ile simu ya baba wetu: maneno hayaachi alama. Ukiripoti kwamba umeanza kazi, dai risiti. Sheria ya 2004 inawalazimu kukupa. Fomu zako zipeleke mwenyewe ofisini, wagonge muhuri wa tarehe kwenye nakala unayobaki nayo. Mkalimani ni bure, na anaombwa kwa kupiga 1-800-772-1213 na kusema tu kwa Kiingereza kwamba unahitaji Kiswahili. Usimtumie mtoto wa darasa la sita. Atatafsiri anavyoelewa, na jibu lake litaandikwa kama jibu lako.

Wapo pia matapeli wanaopiga simu wakijifanya Social Security, wakitisha kwamba utakamatwa leo usipolipa kwa kadi za zawadi za dukani. Malipo yaliyozidi bila udanganyifu ni deni, si jinai. Ofisi hukujulisha kwa barua, na haipokei kadi za zawadi kamwe. Kata simu. Kisha uende na vitambulisho vyako kuuliza kama jina lako lina deni lolote.