Swali la Utafiti Linaanzia kwa Nani?

Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Siku chache baadaye mvua ikaangusha masalia ya mionzi juu ya vilima vya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wanakochungwa kondoo. Mwezi Juni serikali ikakataza kondoo wa eneo hilo kuuzwa au kuchinjwa. Wafugaji wakahakikishiwa kuwa katazo litadumu wiki 3 tu. Vizuizi vya mwisho viliondolewa mwaka 2012.

Wataalamu waliotoa ahadi ile hawakuwa wazembe. Walijua kwamba sesiamu, elementi yenye mionzi iliyokuwamo katika masalia yale, ikiingia kwenye udongo wa mfinyanzi hunaswa humo, wala hairudi kirahisi kwenye majani. Hilo ni kweli. Lakini udongo wa vilima vile ni wa mboji, tena wenye tindikali, na humo sesiamu huendelea kuzunguka: nyasi huifyonza, kondoo hula nyasi, kinyesi huirudisha ardhini.

Kuna tukio dogo ndani ya kisa hiki ambalo hunijia akilini kila ninapoanza kuandika andiko la mradi. Watafiti walitaka kujua kama kumwaga bentonaiti, aina ya mfinyanzi, kungepunguza sesiamu kwenye malisho. Wakagawa ardhi vipande, wakamwaga viwango tofauti, wakazungushia ua na kuwafungia kondoo humo. Wafugaji wakawaambia mapema kuwa kondoo hawa wamezoea kuzurura mlimani. Ukiwafungia watadhoofika, na vipimo vya kondoo aliyedhoofika havitakuambia lolote la maana. Hawakusikilizwa. Baada ya muda jaribio likaachwa, kwa sababu ileile waliyoitaja wafugaji. Tunayajua haya kwa sababu mwanasosholojia Brian Wynne alikwenda kuzungumza na wafugaji hao na kuandika waliyomweleza.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lake bado linafanyika, hata katika miradi inayojiita shirikishi. Timu hukaa ofisini, hutunga swali, huchagua mbinu, huandika bajeti, ndipo huenda kwa wanajamii kuomba wajaze dodoso au waoneshe njia. Huo ni uenyeji mwema wa wanajamii, na tuushukuru, ila tusiuite ushirikiano. Mambo ya uendelevu, yaani maji, misitu, samaki, udongo na taka, yana watu wanaoishi nayo kila siku. Kama hawakuwapo swali lilipotungwa, uwezekano wa kujibu swali lisilo lao ni mkubwa sana.

Huko Alaska mambo yalikwenda vizuri zaidi, ingawa yalianza kwa ugomvi. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku uwindaji wa nyangumi wa Aktiki, baada ya wanasayansi kukadiria kuwa wamebaki kati ya 600 na 2,000. Wawindaji wa Inupiat, jamii ya wenyeji wa asili wa Alaska, walipinga. Walisema wahesabuji wanaosimama ukingoni mwa barafu huwaona tu wale wanaopita kwenye maji yaliyo wazi, ilhali wengine hupita mbali na chini ya barafu, wakiipasua kwa kichwa ili kupumua. Safari hii maelezo yao yalichukuliwa kama dai la kupimwa. Wawindaji wakaunda tume yao, wakafanya kazi pamoja na wanasayansi, na vinasa sauti vikashushwa majini. Sauti za nyangumi zikasikika kutoka mahali ambapo hakuna jicho lililokuwa limewaona. Kufikia mwaka 1993 makadirio yalikuwa karibu 8,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni nyangumi kuzaliana, lakini sehemu nyingine ni kuhesabu wale waliokuwapo tangu mwanzo.

Angalia kilichofanyika hapo: maarifa ya wawindaji yalipimwa. Kuheshimu maarifa ya wenyeji si kuyakubali yote bila swali. Mtu anayelima kando ya mto anaujua mto wake kuliko mgeni yeyote, lakini huenda asijue kinachomwagwa humo kilomita 50 juu yake, na hapo vipimo vya maabara vinamfaa yeye kabla ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya na siku moja utatembelewa na watafiti, usione haya kuwauliza. Nani alitunga swali hili? Sampuli na takwimu mtakazochukua zitahifadhiwa wapi, na nani ataweza kuzitumia baadaye? Bajeti inalipia muda wetu, au ni muda wenu tu? Tukikataa katikati ya safari, itakuwaje? Mtafiti makini atafurahi kuulizwa. Mwaka 2017 Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, waliochoka kuchunguzwa na wageni wasiorudi, walitoa mwongozo wao wenyewe wa maadili ya utafiti. Unadai mambo matano: heshima, uaminifu, haki na usawa, kujali, na kufuata utaratibu. Jamii nyingine yoyote inaweza kuandika wake, haihitaji shahada.

Kwetu sisi watafiti, lililo gumu kuliko yote ni muda. Miezi ya kwanza ya ushirikiano wa kweli haitoi takwimu hata moja. Ni vikao, kutembea na wenyeji, na kubadilisha swali mara mbili au tatu. Wafadhili hawapendi kulipia miezi hiyo, na ni wajibu wetu kuidai waziwazi kwenye andiko la mradi. Vivyo hivyo mwishoni: rasimu ya matokeo irudi kwa wanajamii kabla haijachapishwa, kwa lugha wanayoizungumza nyumbani, ikiwa imebaki nafasi ya kutosha ya wao kusema hapa mmekosea, nasi tukarekebisha.