Kwa nini msituni ni heri kukanyaga tope kuliko kulikwepa?

Kwa miaka mingi, nikikuta tope kwenye njia ya msituni, nilikuwa nachepuka na kupita pembeni juu ya mimea. Niliamini naipumzisha njia. Watu mia wakipita mahali mia tofauti, niliwaza, kila mahali pataumia kidogo tu na msitu utajiponya. Kumbe sivyo.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kila hatua inaumiza sawa na iliyotangulia. Mwaka 1993 watafiti David Cole na Neil Bayfield walipendekeza utaratibu mmoja wa kupima jambo hili: unatenga vipande vya ardhi vyenye upana wa nusu mita na urefu wa mita moja na nusu, kimoja unakiacha bila kukanyagwa, vingine vinapitiwa mara 25, 75, 200 na 500, kisha unaangalia mimea iliyosalia. Vipimo vya namna hii vimeonyesha tena na tena kwamba mapito ya mwanzo ndiyo yenye madhara makubwa. Anayepita wa 500 hana kikubwa cha kuharibu, kimekwisha haribika. Basi mimi niliyechepuka nilikuwa kila mara yule wa mwanzo, na wenzangu 99 vilevile.

Sababu iko ardhini. Karibu nusu ya ujazo wa udongo mzuri wa msitu ni nafasi tupu zinazopitisha hewa na maji. Bonyeza kipande cha mkate laini kwa kidole gumba: mara ya kwanza kinabonyea sana, mara ya pili kidogo, ya tano huoni tofauti. Sifongo ukiiachia inarudi, mkate haurudi, na udongo umekaribia zaidi mkate. Vitundu vikubwa ndivyo vinavyobomoka kwanza, navyo ndivyo vilivyokuwa vikiteremsha maji. Vikishaziba, maji hutuama juu.

Yaani tope lenyewe ni matokeo ya kukanyaga! Ukilizunguka unatengeneza jingine kando yake, anayekufuata atazunguka hilo jipya, na njia ya mtu mmoja inageuka uwanja. Chuchumaa hapo ujaribu: kwenye udongo usiokanyagwa kidole kinazama, njiani kinagota kwenye ukucha. Mizizi midogo inayolisha mti, ambayo mingi iko karibu na uso wa ardhi, inakutana na ugumu huohuo.

Si kila mmea unaumia kwa kiwango kimoja. Nyasi nyingi huchipua kutoka chini kabisa, kwa hiyo hustahimili. Mimea laini ya majani mapana inayoota kivulini huvunjika upesi. Na mahali pasipo na njia, panapofikiwa na watu wachache sana, ushauri hugeuka: kila mtu apite pake, ili pasizaliwe njia mpya. Lakini katika misitu ya umma yenye wageni wengi, wasimamizi huwakusanya watu kwenye njia chache imara, wakaweka mawe, madaraja ya mbao na mifereji, au wakazifunga kipindi cha mvua, na eneo kubwa lililobaki likakaa bila kuguswa.

Siku hizi napita katikati ya tope. Buti nazisafisha kabla ya kwenda msitu mwingine, maana tope hubeba mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa ya mizizi.