Baiosensa si saa ya mkononi

Baiosensa ni kifaa kinachotambua kitu kwa msaada wa kimeng'enya, kingamwili, seli nzima au sehemu nyingine ya kiumbe, kisha kikaugeuza utambuzi huo kuwa ishara inayopimika. Maana yake haizidi hapo, lakini saa zinazohesabu mapigo ya moyo nazo siku hizi huitwa baiosensa, eti kwa sababu zinapima mwili wa mtu aliye hai. Saa hizo humulika ngozi na kupima mwanga unaorudi. Ndani yake hamna chochote cha kibaiolojia. Anayelitafsiri neno hilo kuwa "kihisi uhai" huzidisha kosa, kwa kuwa msomaji atalichukulia kama "kipimajoto": kipimajoto hupima joto, basi hicho nacho kitakuwa kinahisi uhai. Kumbe "baio", lenye asili ya Kigiriki kwa maana ya maisha, hapa linaeleza kinachohisi, wala si kinachohisiwa. Watafiti wa Marekani Leland Clark na Champ Lyons walipoeleza mwaka 1962 elektrodi, yaani kipitishio cha umeme, ya kupimia glukosi (sukari ya damuni), ubaio wake ulitokana na kimeng'enya kilichowekwa juu ya elektrodi, na si na damu iliyopimwa.

Wengine huteleza upande wa pili, wakadhani kila baiosensa ina uhai. Kingamwili zilizokaushwa kwenye kipande cha karatasi zimetoka kwa kiumbe, lakini hazili wala hazifi. Seli zilizohandisiwa, yaani zilizobadilishwa maabarani zifanye kazi mpya, ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2003 watafiti wa maabara ya Lincoln ya MIT, Marekani, walieleza seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) walizozipa vitu viwili: kingamwili za kukaa juu ya utando wake, na ekworini, protini ya konyeza wa baharini inayotoa mwanga ikikutana na kalsiamu. Virusi vina protini zilezile zilizojirudia juu ya ganda lake, hivyo kirusi kimoja hushika kingamwili kadhaa kwa pamoja na kuzivuta zikaribiane; kalsiamu hupanda ndani ya seli, nayo seli huwaka katika muda wa sekunde. Seli hiyo haikuhitaji kuambukizwa ili itambue. Ila ni lazima ilishwe na itunzwe, maana ikifa haihisi tena.

Kwa hiyo kifaa cha namna hiyo na kiitwe baiosensa ya seli hai, na ile saa iitwe kihisi cha mapigo ya moyo, jina ambalo halina kosa lolote.