Stika Kiooni, Kutu Chini ya Lori: Dhana Potofu Kuhusu Ukaguzi wa Lori Kabla ya Safari

Malori yanayopita Malindi hayafanani kwa mizigo wala kwa maradhi. Yapo yanayopakia chumvi Gongoni, Kurawa na Marereni na kuiteremsha Mombasa. Yapo yanayotoka Mombasa na saruji, mabati na unga hadi gati ya Mokowe, ambako shehena hushushwa ikavushwa kwa boti hadi kisiwani Lamu. Na yapo ya mchanga na mawe ya ujenzi ambayo hayavuki mipaka ya mji. Yote yanahitaji jambo moja kabla ya kuondoka, nalo ni dereva kulizunguka gari lake kwa macho na mikono, akaangalia kilichobadilika tangu jana. Dhana zinazomfanya dereva airuke hatua hiyo ni nyingi, lakini zina asili moja: kila moja humtwika mtu mwingine, karatasi nyingine au siku nyingine kazi ambayo ni ya dereva wa leo.

"Gari limepita ukaguzi, stika hii hapa"

Nchini Kenya magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, na kwa madereva wengi stika inayobandikwa baada ya hapo huwa kama kinga ya miezi kumi na miwili. Ukweli ni kwamba mkaguzi alithibitisha hali ya gari siku ile aliyoliona. Hakuahidi lolote kuhusu bomba la breki litakalotoboka miezi mitatu baadaye, wala kuhusu tairi litakalonunuliwa kuukuu wiki ijayo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote, zikiwemo taa na matairi, zidumishwe wakati wote katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Maneno "wakati wote" ndiyo yanayoiondolea stika uzito ambao watu wameipa.

"Tanboi ameshaangalia maji na oili"

Maji ya radieta na oili ya injini ni muhimu kwa mwenye gari, kwa kuwa injini ikiungua hasara ni yake. Mtu anayetembea kando ya barabara pale Gede au Watamu, hata hivyo, hadhuriwi na injini iliyopata joto. Anadhuriwa na breki, matairi, usukani, taa na mzigo usiofungwa vizuri. Tanboi, yaani utingo wa lori, ni msaidizi mzuri wa ukaguzi, na kuna kazi zisizofanyika bila mtu wa pili, kama vile kusimama nyuma ya trela kuhakikisha kuwa taa za breki zinawaka dereva anapokanyaga. Hata hivyo, anayeshika usukani ndiye anayepaswa kujua, na hawezi kujua kwa kusimuliwa akiwa bado anakunywa chai ng'ambo ya barabara.

"Nimeligonga tairi, limeitika"

Pengine hakuna desturi iliyozoeleka zaidi ya hii. Dereva hutembea na spana ya magurudumu au kipande cha chuma, hugonga kila tairi, husikiliza mlio, kisha hupanda. Kugonga kunaweza kufichua tairi lililoisha upepo kabisa, hasa lile la ndani katika jozi za nyuma. Hakuwezi kutofautisha tairi linalostahili psi 110 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) na lile lililoshuka hadi 85, kwa sababu yote mawili hutoa mlio mkavu. Tairi lililopungukiwa na asilimia 20 ya upepo wake linatosha kuleta balaa: kuta zake hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto hupanda ndani yake, na baada ya saa moja au mbili za lami ya moto kati ya Malindi na Garsen huanza kuchanika. Likiwa ni la ndani, jirani yake hubeba mzigo wa wawili, na dereva hatahisi chochote kwenye usukani.

Njia ya kujua ni kutumia geji, yaani kifaa cha kupimia upepo, tena tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limesimama kwa saa tatu hivi. Wapo wanaopima njiani, wakaona namba imepanda kwa sababu ya joto, wakapunguza upepo. Hilo ni kosa. Tairi likipoa litakuwa pungufu, na safari ya kesho itaanza na upungufu huo.

Wakati geji imo mkononi, macho yafanye kazi nyingine. Kati ya matairi mawili ya nyuma hunasa mawe, hasa kwa magari yanayoingia kwenye vifusi na njia za changarawe. Jiwe hilo likichomoka kwa kasi huvunja kioo cha gari linalofuata, na likibaki hukata ukuta wa tairi. Kisha nati. Nati iliyolegea haihitaji spana kuijua, kwa kuwa huandika habari zake yenyewe: mchirizi mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa huanzia chini yake na kutambaa juu ya rimu kuelekea nje. Panapoonekana mchirizi huo, au nyuzi za bolti zinazong'aa mahali palipopaswa kuwa na vumbi, chuma kimekuwa kikisuguana na chuma, na gurudumu hilo halifai kwenda popote kabla ya kukazwa na sababu yake kutafutwa.

"Breki zinashika, nimezijaribu nilipotoka"

Kukanyaga breki mara moja uwanjani, gari likiwa katika mwendo wa kutambaa, huonyesha tu kwamba upepo umefika na viatu vya breki vimegusa. Hakuonyeshi kama upepo utadumu wala kama breki za magurudumu yote zinafanya kazi sawa.

Kwa malori ya breki za upepo, jaribio lenye maana huchukua dakika chache. Magurudumu yawekewe mawe au vigingi. Upepo ujazwe kikamilifu, injini izimwe, breki ya kuegeshea iachiliwe, kisha kanyagio likandamizwe na kushikiliwa huku jicho likiwa kwenye geji. Mwongozo unaotumiwa kuwatahini madereva wa malori nchini Marekani hukubali upepo kushuka kwa psi 3 tu kwa dakika moja kwa lori la kipande kimoja, na psi 4 kwa lori lenye trela moja. Zaidi ya hapo, mahali fulani panavuja, na mara nyingi mtu akinyamaza atapasikia. Baada ya hapo kanyagio likanyagwe na kuachiwa mara kwa mara ili upepo upungue kwa makusudi: taa au king'ora cha onyo kinapaswa kuamka kabla geji haijashuka chini ya psi 60. Kifaa cha onyo kilichokufa ni hatari ya peke yake, maana dereva hukitegemea bila kujua kwamba hakipo.

Hapa hujificha dhana nyingine ndogo: kwamba upepo ukiisha hakuna neno, kwa kuwa springi za breki ya kuegeshea zitafunga magurudumu zenyewe. Ni kweli kwamba springi hizo hufanya kazi upepo unaposhuka sana. Dereva aliyeko kwenye mteremko wa kuingia daraja la Sabaki na tani za chumvi mgongoni asizitarajie kumsimamisha taratibu na kwa ustaarabu. Zaidi ya hayo, springi husukuma mkono uleule wa breki, yaani kile chuma kilichoko kwenye gurudumu, ambao kanyagio huusukuma, na mkono huo ukiwa umelegea kupita kiasi, springi nazo hazitafaa. Kulegea kwake hupimwa kwa mkono: gari likiwa mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa na breki ya kuegeshea imeachiliwa, mkono wa breki uvutwe kwa nguvu. Ukisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi, breki hiyo inahitaji fundi. Wenye mikono inayojirekebisha yenyewe hudhani kuwa hili haliwahusu. Linawahusu zaidi, kwa sababu mkono wa aina hiyo ukilegea maana yake ni kwamba kuna kitu kimeharibika, na kuukaza kwa spana kila wiki ni kukificha kitu hicho tu.

Kuna pia maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na pampu ya upepo huivuta pamoja na unyevu wake, ambao hugeuka maji ndani ya matangi. Yasipotolewa hupunguza nafasi ya upepo na kuozesha vali. Kufungua koki za matangi kila siku baada ya kazi ni jambo la dakika moja. Yakitoka maji yaliyochanganyika na oili, pampu yenyewe imeanza kuchoka.

"Lori limeoshwa juzi"

Kwa magari ya chumvi dhana hii inastahili kuangaliwa peke yake. Lori lililooshwa huonekana jipya kwa mbele na ubavuni, na mwenyewe huridhika. Maji ya chumvi hayakai mbele. Hupenya mbao za bodi, hudondoka juu ya fremu, hukaa kwenye viungo vya springi, kwenye mabomba ya chuma ya breki na ndani ya soketi za umeme. Kuosha kwenye maana ni kule kunakopeleka maji yasiyo na chumvi chini ya gari, na hata huko hakumalizi kazi, kwa kuwa kutu iliyokwisha kuanza huendelea chini ya rangi.

Mahali pa kuangalia kwanza ni plagi ya umeme inayounganisha kichwa na trela. Ichomolewe na ifunguliwe. Pini za shaba zinapaswa kung'aa. Zikiwa na unga wa kijani, taa za trela zitawaka leo na kukataa kesho, tena usiku, wakati dereva wa nyuma hana njia nyingine ya kujua kuwa kuna trela mbele yake. Halafu mkono upitishwe juu ya mabomba ya breki. Kutu ya juujuu hufutika kwa kitambaa. Ile inayobanduka kwa magamba ina maana kwamba ukuta wa bomba umekonda. Ninaona ajabu kwamba kazi hii, ambayo haihitaji kifaa chochote, ndiyo inayorukwa zaidi, labda kwa sababu humlazimu mtu kuinama na kuchafuka.

"Safari ni fupi, na gari ni tupu"

Umbali hauirekebishi breki. Na lori tupu lina matatizo yake: magurudumu yasiyo na uzito hujifunga upesi breki zinapokanyagwa ghafla, na trela huweza kuteleza kwenda ubavuni kwenye lami yenye mchanga.

"Mzigo ni wa mwenye mzigo"

Wapakiaji hupakia na kuondoka. Dereva ndiye atakayekuwa nao kwenye kona. Sheria za Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari zinaweka kikomo cha jumla cha tani 56, lakini lori lililo chini ya kikomo hicho bado linaweza kuwa limezidisha kwenye ekseli moja kwa sababu magunia yamerundikwa upande mmoja. Kamba na cheni nazo hulegea kadiri mzigo unavyojipanga kwa mtikisiko. Kanuni za Marekani humtaka dereva aukague tena mzigo wake ndani ya maili 50 za mwanzo, yaani kilomita 80, na baadaye kila baada ya saa tatu au maili 150, lipi litangulie. Kwa anayetoka Malindi kwenda Mokowe, safari ya zaidi ya kilomita 200, hiyo ina maana ya kusimama angalau mara moja kabla ya Garsen, akagusa kamba, turubai na vitovu vya magurudumu. Kitovu kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, ama breki yake inabana au beringi zake zinakufa.

"Ukaguzi utanichelewesha"

Kwa mwenye mazoea, lori lenye trela hukaguliwa kwa muda wa nusu saa hivi. Pale ambapo magari ya Lamu huenda kwa msafara unaosindikizwa na polisi, dereva huona nusu saa hiyo kama hatari ya kuachwa. Hesabu hiyo iko kinyume: gari litakaloharibika katikati ya msafara, mbali na fundi na mbali na mji, ndilo litakaloachwa kweli. Dawa ni kuamka mapema au kukagua jioni, kisha asubuhi kurudia upepo, matairi na taa tu.

"Fomu imejazwa yote"

Fomu iliyotiwa tiki juu ya meza si ukaguzi. Nchini Marekani, tangu Desemba 2014 madereva wa malori ya mizigo hawalazimiki kuandika ripoti ya mwisho wa siku ikiwa hawakukuta kasoro yoyote. Wajibu wa kulikagua gari wenyewe haukuguswa. Thamani ya karatasi iko kwenye kasoro iliyoandikwa, na kwenye sahihi ya aliyeirekebisha.

"Nikikataa kuondoka, tajiri atanifuta"

Hofu hii si ya kubuni, na anayeipuuza hajawahi kulipwa kwa tripu. Lakini si kweli kwamba dereva hana pa kusimama. Marekani ina sheria ya mwaka 1982 inayomlinda dereva anayekataa kuendesha gari la hatari. Kenya nayo, katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa aliyoiona, na inamzuia mwajiri kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kinachomwangusha dereva mara nyingi ni kukosa ushahidi kwamba alisema. Ujumbe mfupi wa simu wenye picha ya bomba lililoliwa na kutu, nambari ya gari na saa, ukitumwa kwa tajiri kabla injini haijawashwa, hubadilisha mazungumzo: sasa uamuzi wa gari liende au lisiende una jina la tajiri mwenyewe juu yake. Na fundi akishamaliza, dereva arudie jaribio lilelile lililoonyesha kasoro, badala ya kuridhika na neno la fundi kwamba sasa liko sawa.