Hofu ya ghafla: kwa nini kuikimbia huikuza

Wengi wanaokuja kwangu na ugonjwa wa hofu ya ghafla wameshapita kwa daktari wa moyo. Ni sawa kabisa kuanzia huko, maana hata tezi ya thairoidi ikizidisha kazi huweza kuleta mapigo ya mbio na jasho. Shida huanza vipimo vikitoka safi na mtu akaambiwa "huna kitu". Kitu anacho, na kina tiba.

Hofu inapolipuka, mwili humwaga adrenalini, homoni ya kuuandaa kupambana au kukimbia. Moyo hudunda, pumzi hubana, na kwa kuhema haraka hewa ya kabonidioksaidi hupungua kwenye damu, ndiyo maana vidole hufa ganzi na kichwa huzunguka. Mara nyingi kilele hufika ndani ya dakika kama 10, kisha hali hushuka. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark alieleza kinachoukomaza ugonjwa: mtu huzitafsiri dalili hizo kuwa ni kifo au wazimu, tafsiri hiyo huongeza hofu, nayo hofu huongeza dalili.

Hapo ndipo mbinu za kujikinga huingia. Mtu hukaa karibu na mlango, hatoki bila chupa ya maji, kila mara kidole kiko kwenye kifundo cha mkono akihesabu mapigo. Akirudi nyumbani salama, anaamini chupa ndiyo iliyomwokoa. Miaka inapita hivyo!

Kwa hiyo katika tiba ya fikra na tabia tunaziamsha dalili hizo makusudi. Namwomba aheme haraka kwa dakika moja (mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito, kwanza tunashauriana na daktari wake). Kabla ya kuanza namuuliza anategemea nini kitatokea. "Nitazimia." Tukimaliza, yu macho, ingawa anatetemeka. Tunarudia, safari hii chupa ikiwa nje ya chumba, halafu baadaye ndani ya basi lililojaa.

Dawa nazo zina nafasi. Zile zinazotumika pia kutibu sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza hata kupanda. Diazepamu hutuliza upesi, ila huzoesha mwili, na anayeimeza kila akihisi hofu hapati kujua kwamba ingeshuka yenyewe. Kama umeitumia muda mrefu usiiache ghafla. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.