Ugonjwa wa Goodpasture: Mapafu Yanapovuja Damu na Figo Zikashindwa

Ugonjwa wa Goodpasture ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa adimu ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hutengeneza kingamwili zinazoushambulia utando mwembamba uliomo katika vichujio vya figo na katika vifuko vya hewa vya mapafu. Figo hupoteza uwezo wa kuchuja damu katika muda wa siku au majuma machache, na kwa wagonjwa wengi mapafu nayo huvuja damu kwa ndani. Barani Ulaya, ambako takwimu zake zimekusanywa kwa muda mrefu, hupatikana mgonjwa mmoja au pungufu kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ugonjwa huu hausubiri mtu aukumbuke.

Umepewa jina la Ernest Goodpasture, mwanapatholojia wa Marekani, ambaye mwaka 1919 alieleza habari za kijana wa miaka 18 aliyefariki kwa kuvuja damu mapafuni na kuharibika kwa figo baada ya kuugua homa ya mafua iliyokuwa imeenea duniani wakati ule. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba kijana yule alikuwa na ugonjwa mwingine unaofanana na huu, lakini jina limekwisha kushika.

Mapafu na figo vina uhusiano gani hata vikashambuliwa pamoja?

Viungo hivi viwili hufanya kazi tofauti, lakini vyote huikutanisha damu na kitu kingine kupitia ukuta mwembamba mno: mapafuni damu hukutana na hewa, na kwenye figo hukutana na maji yatakayokuwa mkojo. Ukuta huo hushikiliwa na utando uliofumwa kwa aina ya protini iitwayo kolajeni, na kingamwili za ugonjwa huu hulenga kipande kimoja tu cha kolajeni hiyo, ambacho kwa kawaida kimefichika ndani ya mfumo wake na hakionekani na kinga ya mwili. Kitu fulani kikikifichua kipande hicho, kinga huweza kukiona kama mgeni.

Figo ndizo huumia zaidi, kwa sababu mishipa midogo ya damu katika vichujio vyake ina matundu, hivyo kingamwili huufikia utando moja kwa moja. Mishipa ya mapafu haina matundu ya namna hiyo. Ili mapafu yavuje damu, kwa kawaida inahitajika kwanza yawe yamejeruhiwa na moshi wa sigara, mvuke wa petroli na viyeyusho vya viwandani, au maambukizi. Ndiyo maana kuvuja damu mapafuni huonekana zaidi kwa wavutaji wa sigara, na ndiyo maana mgonjwa anayeendelea kuvuta wakati wa matibabu anaweza kuanza kuvuja damu upya hata kama dawa zake zote ni sahihi.

Dalili zake ni zipi?

Mwanzoni mgonjwa huweza kulalamika uchovu, homa kidogo, kichefuchefu na maumivu ya viungo, yaani mambo ambayo yangeweza kuwa ugonjwa wowote. Kisha hufuata kikohozi, kukosa pumzi na kukohoa damu, ambayo huweza kuwa michirizi tu ndani ya makohozi au kiasi cha kutishia uhai. Upande wa figo, mkojo hugeuka rangi ukawa kama chai iliyokolea, hutoa povu, hupungua, na miguu huanza kuvimba.

Jambo moja linastahili kusisitizwa. Mtu anaweza kuwa na damu kwenye mkojo bila kuiona kwa macho, na anaweza kuvuja damu nyingi mapafuni bila kukohoa hata tone, akaonekana tu amepauka na kuishiwa nguvu kwa sababu hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, imeshuka. Kutokuwepo kwa damu inayoonekana hakumaanishi kwamba hakuna damu inayopotea. Aidha, wako wagonjwa wengi ambao figo pekee ndizo zinazoathirika, ilhali wenye tatizo la mapafu peke yake ni wachache.

Kukohoa damu si dalili ya kifua kikuu?

Ni dalili yake mojawapo, na kipimo cha makohozi lazima kifanyike. Kosa ni kuishia hapo. Nimonia, saratani ya mapafu, lupasi (ugonjwa mwingine ambao kinga huushambulia mwili wenyewe) na uvimbe wa mishipa midogo ya damu, yote haya huweza kumfanya mtu akohoe damu, na mawili ya mwisho huziharibu figo pia na hutokea mara nyingi zaidi kuliko ugonjwa wa Goodpasture. Kinachomsaidia daktari kutenganisha njia hizi ni kipimo rahisi kuliko vyote: kijiti cha kupimia mkojo. Mtu anayekohoa damu, ambaye mkojo wake una damu na protini na ambaye kreatinini yake, yaani taka ya damu ambayo figo hupaswa kuichuja, imepanda, amekwisha kutoka katika kundi la wagonjwa wa kifua tu, na anapaswa kufikishwa kwa mtaalamu wa figo siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huthibitishwaje?

Damu hupimwa ili kutafuta kingamwili zenyewe. Kipimo hiki huweza kutoa majibu yanayoonyesha hakuna kitu kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, kwa hiyo jibu la namna hiyo halifungi mjadala. Uthibitisho thabiti zaidi hutokana na biopsi: sindano ndefu hupitishwa mgongoni ikiongozwa na picha za mawimbi ya sauti, na kipande kidogo cha figo huchukuliwa na kutiwa rangi maalumu inayong'aa. Chini ya hadubini, kingamwili huonekana zimejipanga katika mstari mmoja laini usiokatika, ukifuata kila mkunjo wa utando. Katika vichujio vilivyoumia sana huonekana pia chembe zilizorundikana kwa umbo la hilali, na kadiri hilali zinavyokuwa nyingi ndivyo matumaini ya figo yanavyopungua.

Karibu theluthi moja ya wagonjwa huwa pia na kingamwili za aina ya pili, zile za ugonjwa wa uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Hawa huhitaji uangalizi wa muda mrefu zaidi.

Matibabu ni yapi?

Matibabu yana sehemu tatu zinazoanza kwa pamoja, na shaka ikiwa kubwa huanza hata kabla ya majibu yote kurudi.

Ya kwanza ni kubadilisha plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu ambamo kingamwili huelea. Mgonjwa huwekewa mpira kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi wa shingoni, na kuunganishwa na mashine kwa saa kadhaa. Damu huingia, plazma ya manjano hutengwa na kuondolewa, kisha chembe za damu hurudishwa mwilini pamoja na majimaji ya albumini, ambayo ni protini ya damu; mgonjwa anayevuja damu hupewa pia plazma ya wachangiaji, kwa kuwa albumini haina vitu vya kugandisha damu. Kazi hii hufanyika kila siku kwa takriban wiki mbili, au mpaka kingamwili zisionekane tena.

Ya pili ni prednisoloni ya dozi kubwa inayopunguzwa polepole kwa miezi ipatayo sita, na ya tatu ni siklofosfamidi kwa miezi miwili hadi mitatu, ili kuzuia utengenezaji wa kingamwili mpya. Siklofosfamidi ni dawa nzito. Hupunguza chembe nyeupe za damu, huweza kuumiza kibofu, na huweza kuharibu uwezo wa kupata watoto, jambo ambalo mgonjwa kijana ana haki ya kuelezwa kabla ya dozi ya kwanza. Kwa kuwa kinga yake imepunguzwa, hupewa pia kotrimoksazoli ya kumkinga na nimonia, na akipata homa yoyote anatakiwa arudi hospitali siku ile ile.

Figo zinaweza kupona?

Inategemea zilikuwa katika hali gani matibabu yalipoanza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2001, uliofuatilia wagonjwa 71 waliotibiwa kwa njia hizo tatu, ulionyesha kwamba waliokuja na kreatinini chini ya mikromoli 500 kwa lita, 95 kati ya kila 100 walikuwa bado na figo zinazofanya kazi baada ya mwaka mmoja. Kwa wale waliokuwa tayari wanahitaji dayalisisi ya haraka, yaani kusafishwa damu kwa mashine, walikuwa 8 tu kati ya kila 100. Tofauti hiyo huweza kuwa ni ya siku chache za kuahirisha kipimo cha mkojo.

Kwa mgonjwa ambaye karibu vichujio vyake vyote vimekwisha kuharibika na mapafu yake hayavuji damu, madaktari wanaweza kuamua kutompa dawa hizi kali, kwani madhara yake yangezidi faida. Ni uamuzi mgumu kuupokea, lakini una msingi. Kama mapafu yanavuja, matibabu hutolewa bila kujali hali ya figo.

Je, unaambukiza au kurithiwa?

Hauambukizi kabisa. Wapo watu wenye vinasaba vinavyoongeza uwezekano wa kuupata, lakini wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui maishani mwao, na ndugu wa mgonjwa hawahitaji kupimwa kwa sababu hiyo.

Unaweza kurudi baada ya kutibiwa?

Kwa kawaida haurudi, na hilo huutofautisha na magonjwa mengi ya kundi lake. Wanaobaki na uwezekano mkubwa kiasi ni wenye zile kingamwili za aina ya pili, na wanaoendelea kuvuta sigara.

Aliyepoteza figo huendelea na dayalisisi na anaweza kupandikizwa figo nyingine, lakini si mara moja. Husubiriwa mpaka damu yake ipite angalau miezi sita bila kingamwili hizo, kwa sababu figo mpya ina utando ule ule, na kingamwili zikiwa bado zipo zitaushambulia.